Ruhusa za folda kwenye Linux na Unix: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umetokana na maswali ninayoulizwa na vijana wanaotunza kompyuta za ofisi hapa Mombasa: wa mawakala wa forodha upande wa Kilindini, wa wachapishaji wa Mwembe Tayari, na wanafunzi wa Tudor waliokodi seva yao ya kwanza. Karibu yote yanazunguka kosa moja. Watu hufundishwa ruhusa za faili, kisha wakadhani za folda ni hizo hizo. Herufi ni zile zile tatu, lakini kwenye folda kila moja ina kazi nyingine.

Folda ni nini hasa?

Ni daftari. Kila mstari wa daftari hilo una vitu viwili: jina, na nambari ya faili yenye jina hilo. Nambari hiyo ni ya inodi, na kwenye inodi ndiko kunakoandikwa habari za faili: mwenyewe ni nani, ruhusa zake, ukubwa wake, data yake iko wapi kwenye diski. Faili haimo ndani ya folda kama shati lilivyo ndani ya sanduku. Kilichomo ni jina lake tu.

Naomba ulishike hili kabla ya kuendelea. Aliyelielewa huweza kujijibu mwenyewe nusu ya maswali yaliyo hapa chini.

Basi r, w na x zina maana gani kwenye folda?

r ni ruhusa ya kusoma daftari, yaani kuona majina yaliyoandikwa humo. Amri ya `ls` inahitaji hii.

w ni ruhusa ya kuandika katika daftari: kuongeza jina, kufuta jina, kubadilisha jina. Kuunda faili, kufuta faili na kuipa faili jina jipya yote ni mambo ya daftari, kwa hiyo yote yanategemea w ya folda.

x ndiyo inayowasumbua wengi. Kwenye faili ni ruhusa ya kuiendesha kama programu. Folda haiendeshwi, kwa hiyo hapo x ni ruhusa ya kupita: kutaja jina lililomo na kufikishwa kwenye inodi yake. Bila x huwezi kuingia kwa `cd`, huwezi kufungua faili iliyomo, wala huwezi kujua ukubwa wake.

Kuangalia ruhusa za folda yenyewe, andika `ls -ld jina_la_folda`. Usisahau d. Ukiiacha utaonyeshwa vilivyomo, na utabaki kusoma ruhusa za vitu vingine ukidhani ni za folda.

Nikiandika ls -l naona majina, lakini kila mahali pengine kuna alama za kuuliza. Diski imeharibika?

Hapana, diski ni nzima. Una r bila x. Unasoma majina kwenye daftari, lakini huruhusiwi kupita kwenda kwenye inodi, na ukubwa, tarehe na mwenye faili vyote viko huko. Ongeza x na alama zitatoweka.

Kuna faida gani ya kutoa x bila r?

Ipo, na mimi huitumia. Folda yenye ruhusa 711 (nambari hizi nimezieleza hapo chini) humruhusu mgeni kupita akijua jina kamili la anachokifuata, lakini hawezi kutazama orodha. Ni kama nyumba katika vichochoro vya Mji wa Kale: anayejua mlango wa anayemtafuta atafika, asiyejua hapewi orodha ya wakaazi. Watu wengi huweka folda zao za nyumbani hivyo ili seva ya wavuti ipite kwenda kwenye folda ya tovuti bila kuona mengine.

Usiitegemee kama kufuli, hata hivyo. Jina kama `mishahara.xlsx` hubahatishwa kwa jaribio la kwanza, na faili hiyo ikiwa na ruhusa 644, atakayebahatisha ataisoma.

Na w bila x?

Haina kazi. Ili uandike kwenye daftari lazima uweze kupita. w na x huenda pamoja.

Niliifunga faili yangu isiandikwe na mtu, nikaiweka 444. Vipi mwenzangu ameifuta?

Swali hili niliulizwa mara ya kwanza na mzee mwenye ofisi ya uwakala, na sijalisahau. Faili ya manifesti, yaani orodha ya mizigo ya meli, ilikuwa imepotea asubuhi ambayo meli ilikuwa inasubiri makaratasi.

"Mwanangu, si ulituambia ile faili haiguswi?"

"Haikuguswa, mzee," nikamjibu. "Kilichoguswa ni folda. Aliyeifuta hakuhitaji kuifungua."

Hakuridhika, na alikuwa na haki asiridhike, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia kwamba iko salama. Kufuta si kitendo kinachofanywa kwenye faili. Ni kufuta mstari kwenye daftari. Mfumo hautazami ruhusa za faili hata kidogo. Unauliza tu: je, huyu ana w na x kwenye folda iliyobeba jina hili? Akiwa nazo, jina linaondoka. Faili inaweza kuwa ya mtu mwingine, inaweza kuwa 444, inaweza kuwa 000. Haibadilishi kitu.

Ni kweli kwamba `rm` humuuliza mtu kabla ya kufuta faili ambayo hana ruhusa ya kuiandika. Ule ni uungwana wa programu tu, si kizuizi cha mfumo. Akiandika `rm -f` haulizwi.

Kuna jambo jingine linalofuatana na hili, na huwashangaza watu zaidi. Mwenye w kwenye folda anaweza kuibadilisha hata faili asiyoruhusiwa kuiandika. Anatengeneza faili mpya, anafuta jina la zamani, anaipa mpya jina lile lile. Baadhi ya programu za kuandikia hufanya hivyo zenyewe ukizilazimisha kuhifadhi. Kwa hiyo ukitaka kulinda faili, anza na folda yake.

Je, anaweza kufuta na folda yangu iliyo ndani ya folda ya pamoja?

Ikiwa ni tupu, ndiyo. Ikiwa ina vitu ndani, hapana, maana lazima kwanza afute majina yaliyomo, na hilo linahitaji w na x kwenye folda yako. Lakini kwenye Linux anaweza kuibadilisha jina papo hapo ilipo, kwa kuwa jina lake limeandikwa kwenye daftari la folda ya juu. Kuihamishia kwenye folda nyingine hawezi bila kuwa na w kwenye hiyo folda yako, kwa sababu ndani yake kuna mstari wa `..` unaoelekeza kwa mzazi, na mstari huo lazima uandikwe upya.

Nambari kama 755 na 750 zinasomwaje?

r ni 4, w ni 2, x ni 1. Zijumlishe. Tarakimu ya kwanza ni ya mwenye folda, ya pili ya kikundi, ya tatu ya watu wengine wote. 755: mwenyewe anafanya yote, wengine wanatazama na kupita. 750: kikundi kinatazama na kupita, watu wa nje hawana lao. 700: mwenyewe peke yake.

Mimi ndiye mwenye folda, na kila mtu anaingia isipokuwa mimi. Inawezekanaje?

Mfumo haujumlishi ruhusa zako zote. Unauliza kwa mpangilio. Je, wewe ndiye mwenyewe? Kama ndiyo, zinatumika ruhusa za mwenyewe na maswali yanakomea hapo. Kama sio, je, umo kwenye kikundi? Kama ndiyo, zinatumika za kikundi tu. Ukikosa kote ndipo unahesabiwa kuwa mtu mwingine. Folda yenye 077 inamzuia mwenyewe na kuwaruhusu walimwengu wote. Kwa bahati nzuri, mwenyewe siku zote anaweza kutumia `chmod`, amri ya kubadilisha ruhusa, kwa hiyo unaweza kujifungulia.

Faili ina 644, kila mtu anaweza kuisoma. Mbona seva ya wavuti inasema "Permission denied"?

Kwa sababu inazuiwa njiani kabla haijafika. Ili kufungua `/home/asha/tovuti/index.html`, ni lazima mtumiaji wa seva ya wavuti awe na x kwenye kila folda ya njia hiyo: `/`, kisha `home`, kisha `asha`, kisha `tovuti`. Moja tu ikifungwa, safari imeishia hapo.

Usikisie ni ipi. Andika:

`namei -l /home/asha/tovuti/index.html`

Utaoneshwa kila hatua ya njia pamoja na ruhusa zake na mwenyewe, moja chini ya nyingine. Mara nyingi utakuta ni folda ya nyumbani. Tangu toleo la 21.04, Ubuntu huziunda folda za nyumbani zikiwa 750 badala ya 755, kwa hiyo maelekezo mengi yaliyoandikwa kabla ya hapo hukwama mahali hapa. Suluhisho ninalolipenda ni kuiweka tovuti chini ya `/srv` au `/var/www` na kuiacha nyumba ya mtu ibaki yake.

Rafiki ameniambia niweke 777 na kila kitu kitafanya kazi. Nifanye hivyo?

Tafadhali usifanye hivyo. Najua kwa nini watu wanaifanya: mteja amesimama nyuma ya kiti, simu inalia, na 777 kweli huondoa lile kosa kwenye skrini. Lakini sasa unajua w kwenye folda ni nini. Ukiweka 777, kila mtumiaji na kila programu kwenye mashine hiyo anaweza kufuta jina lolote humo na kuweka la kwake. Kwenye seva yenye tovuti kadhaa, tovuti moja ikidukuliwa, mdukuzi hahitaji kuvunja ya pili. Anaweka faili yake kwenye folda iliyo wazi na kungoja iendeshwe.

Nimewahi kuitwa kwenye ofisi moja ambayo fundi aliyetangulia alikuwa ameendesha `chmod -R 777` juu ya folda zote za wateja. Hakukuwa na hasara iliyoonekana siku ile. Ugumu ulikuwa kwamba hakuna aliyekumbuka ruhusa za awali zilikuwaje, na `chmod` haina amri ya kurudi nyuma. Tulikaa siku mbili tukipitia folda moja moja na wenye kazi zao, tukiuliza kila moja ni ya nani na nani anastahili kuiona. Kazi hiyo ingekuwa ya robo saa kama fundi yule angeuliza kwanza swali moja: ni nani anayekataliwa, na kwenye folda gani?

Nataka folda moja ya pamoja kwa idara nzima. Niitengeneze vipi?

Tengeneza kikundi, watie watu, kisha ipe folda kikundi hicho:

`groupadd mizigo`
`usermod -aG mizigo asha`
`mkdir /srv/mizigo`
`chgrp mizigo /srv/mizigo`
`chmod 2770 /srv/mizigo`

Angalia sana ile a katika `-aG`. Ukiisahau, Asha ataondolewa kwenye vikundi vyake vingine vyote vya ziada na kubaki na hiki. Akiwa yeye ndiye mwenye `sudo`, yaani ruhusa ya kuendesha amri za msimamizi, umemnyang'anya na hiyo.

Tarakimu 2 iliyo mbele ya 770 ndiyo inayofanya folda iwe ya pamoja kweli. Inawasha biti ya setgid, na kwenye `ls -ld` utaiona kama s mahali pa x ya kikundi. Kwenye Linux, bila biti hii faili mpya huchukua kikundi kikuu cha aliyeiunda, na mwenzake wa meza ya pili hawezi kuihariri. Ikiwepo, faili mpya huchukua kikundi cha folda, na folda ndogo hurithi biti yenyewe. Kwenye macOS na mifumo ya BSD faili mpya huchukua kikundi cha folda bila ya kuombwa.

Bado kuna tatizo la w ya kikundi, kwa sababu umask ya kawaida (orodha ya ruhusa zinazoondolewa kitu kinapoundwa) huiondoa. Unaweza kuwawekea wote umask ya 002, au, na hivi ndivyo mimi hufanya, kuweka ruhusa za msingi kwenye folda:

`setfacl -d -m g:mizigo:rwx /srv/mizigo`

Baada ya hapo `ls -ld` itaonyesha alama ya + mwishoni, na `getfacl` itakupa maelezo kamili. Fanya hivyo mapema, maana ruhusa hizi huhusu vitakavyoundwa baadaye tu, si vilivyokwisha kuwamo.

Mambo mawili yatakusumbua wiki ya kwanza. Mtu aliyeongezwa kwenye kikundi lazima atoke na kuingia upya ndipo atambuliwe. Amri ya `id` itakwambia kama tayari. Na faili iliyohamishwa kwa `mv` kutoka folda nyingine ya diski hiyo hiyo huja na kikundi chake cha zamani, kwa kuwa haikuundwa upya. Waambie watu wanakili kwa `cp`.

Sitaki wafanyakazi wafutiane faili kwenye folda hiyo. Inawezekana?

Inawezekana, kwa kuwasha biti ya kunata: `chmod +t /srv/mizigo`. Hapo jina linaweza kufutwa au kubadilishwa na mwenye faili, mwenye folda, au root (msimamizi mkuu wa mashine) tu. Ndiyo ile t unayoiona kwenye `/tmp`, ambayo ni 1777: kila mtu anaandika, lakini hakuna anayefuta cha mwenzake. Yule mzee wa manifesti ndivyo tulivyomaliza shauri lake. Folda yake sasa ni 3770: ile 2 ya setgid na 1 ya kunata zikijumlishwa.

Inazuia kufuta tu. Mwenye w kwenye faili yenyewe bado anaweza kuifungua na kuimwaga yaliyomo.

Nimeendesha chmod -R 644 kwenye folda yangu na sasa siwezi kuingia hata mimi.

Umeondoa x kwenye folda. 644 inafaa kwa faili, si kwa folda. Rekebisha kwa X kubwa:

`chmod -R u=rwX,go=rX folda`

X kubwa hutoa x kwa folda na kwa faili zilizokuwa na x tayari, na kuziacha faili za kawaida bila. Kila unapotaka kuandika `-R`, tumia herufi kuliko tarakimu.

umask ni nini?

Ni orodha ya ruhusa zinazoondolewa wakati kitu kinapoundwa. Folda mpya huombewa 777, faili mpya 666. Umask ikiwa 022, folda hutoka 755 na faili 644. Wengi hufundishwa kwamba ni kutoa kwa hesabu, na mara nyingi jibu hulingana, ila siyo. Umask ya 033 juu ya 666 hutoa 644, si 633, kwa kuwa x haikuombwa tangu mwanzo na huwezi kuondoa kisichokuwepo.

root naye huzuiwa?

Kwenye diski ya mashine yenyewe, hapana. Hupita hata kwenye folda ya 000. Kwenye folda iliyounganishwa kupitia NFS, njia ya kutumia folda ya mashine nyingine kwa mtandao, anaweza kuzuiwa, kwani seva nyingi za NFS humgeuza root wa mashine nyingine kuwa mtumiaji asiye na cheo.

Tangu nibadilishe ruhusa za folda yangu ya nyumbani, SSH, programu ninayoingilia seva kwa mbali, inakataa ufunguo wangu.

Yaelekea umetoa w kwa kikundi au kwa wengine. SSH inafikiri sawasawa: kama mtu mwingine ana w kwenye folda yako ya nyumbani, anaweza kubadilisha jina la `.ssh` na kuweka yake yenye funguo zake. Kwa hiyo haiuamini ufunguo wowote ulio humo. Rudisha hivi:

`chmod go-w ~`
`chmod 700 ~/.ssh`
`chmod 600 ~/.ssh/authorized_keys`

Tangu nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zifike Mombasa mwaka 2009, kukodi seva iliyo Ulaya kumekuwa jambo la kawaida kwa ofisi za hapa, na seva ya namna hiyo huwezi kupanda matatu ukaifuate. Ukigusa ruhusa za folda ya nyumbani kwa mbali, usifunge dirisha ulilo nalo. Fungua la pili, jaribu kuingia, likikubali ndipo ufunge la kwanza.

chmod haifanyi chochote kwenye flashi yangu.

Flashi nyingi hutumia FAT32 au exFAT, ambazo hazina mahali pa kuhifadhi ruhusa hizi. Ruhusa unazoziona zimewekwa wakati wa kuiunganisha, kwa mipangilio kama `uid=` na `umask=` ya amri ya `mount`.

Nimemwondolea mtu ruhusa, lakini bado anaandika kwenye faili.

Alikuwa ameshaifungua. Ruhusa hukaguliwa wakati wa kufungua, si kila anapoandika. Mpaka programu yake iifunge faili, mlango aliopitia bado ni wake. Tafuta ni programu gani kwa `lsof`, kisha uifunge.